Jiwe la figo linaporudi mara ya tatu

Dada yetu mmoja wa Tanga ametuandikia barua ndefu, nasi tumeisoma zaidi ya mara moja. Ana umri wa miaka 34, ni mama wa watoto watatu, na katika muda wa miaka sita ameshatolewa mawe ya figo mara mbili. Sasa ameambiwa kuwa yamo tena, na safari hii yamo katika figo zote mbili. Kila alipokwenda hospitali aliambiwa maneno yaleyale: kunywa maji. Anasema anakunywa, na mtungi upo kando ya kitanda chake usiku na mchana. Lakini nyumbani hakuna anayemsadiki. Mawifi zake wanamhesabia bilauri, na mumewe, ambaye ndiye anayebeba gharama zote, amefikia kumwambia kuwa maradhi haya ameyataka mwenyewe. Mwishoni mwa barua anauliza mambo mawili: afanye nini, na je, Ramadhani ijayo afunge?

Hatuwezi kumpima mtu kwa barua, wala hatutajaribu. Lakini yamo ndani ya barua ile mambo matatu aliyoyataja kwa kupita tu, kana kwamba hayahusiani na ugonjwa wake, nayo ndiyo yaliyotufanya tuiache mada tuliyokuwa tumeiandaa kwa wiki hii. La kwanza, miguu yake huishiwa nguvu, na kuna siku alishindwa kuinuka kwenye mswala baada ya kusujudu mpaka mwanawe akamshika mkono. La pili, mdomo wake ni mkavu kiasi kwamba hawezi kumeza mkate bila chai, na macho yake humuwasha kama yaliyoingiwa na mchanga. La tatu, katika vipimo alivyotunakilia, mkojo wake uliandikwa pH 7 mara tatu kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyemweleza maana ya namba hiyo.

Tuanze kwa kuwatendea haki waliomshauri maji. Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu iliyoungana na oksaleti, na kwa wengi wanaoyapata chanzo ni mkojo mchache na mzito. Mtu anayefanya kazi juani katika joto la mwambao, akatoka jasho kutwa, akanywa chai mbili na soda moja, akala chakula chenye chumvi nyingi, huyo maji ndiyo dawa yake ya kwanza. Wataalamu hutaka anywe kiasi cha kumfanya apate mkojo wa lita mbili na nusu kwa siku. Ushauri huo hatuupingi. Tunachokipinga ni kuufanya jibu la kila jiwe, kisha jiwe likirudi lawama zote akatupiwa mgonjwa.

Wapo watu ambao mawe yao hayatokani na uchache wa maji bali na hitilafu katika mirija ya figo yenyewe. Kila figo ina mirija midogo mno ipatayo milioni moja. Damu huchujwa mwanzoni mwa mirija hiyo, na kwa siku moja maji yanayochujwa hufika takriban lita 180, lakini karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili. Njiani mirija hiyo hufanya kazi nyingi, na mojawapo ni kutoa tindikali. Chakula tunachokula, hasa nyama, samaki na nafaka, kikishatumika mwilini huacha tindikali kila siku. Isipotolewa itajikusanya katika damu, na damu haiwezi kuvumilia hilo: pH yake hutakiwa ibaki baina ya 7.35 na 7.45, jambo ambalo ni wembamba wa uzi. Sehemu ya mwisho ya mirija ya figo ndiyo yenye seli maalumu za kusukuma tindikali kuitoa kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo wa mtu mzima wa afya, hasa ule wa alfajiri, aghalabu huwa na tindikali, na figo nzima ikihitajika inaweza kuishusha pH ya mkojo hadi karibu na 4.5.

Sasa tuseme seli zile zimeshindwa kusukuma. Tindikali inabaki ndani ya damu, na mkojo unatoka ukiwa hauna tindikali ya kutosha. Madaktari huuita ugonjwa huu asidosisi ya mirija ya figo. Una aina kadhaa, lakini inayojulikana zaidi kwa kuzaa mawe ni hii ya mirija ya mwisho, ambayo huitwa aina ya kwanza. Alama yake ni kitendawili kwa asiyeuzoea: damu imejaa tindikali, na mkojo hauna. Mtu akiutazama mkojo peke yake atadhani mwili hauna tindikali kabisa.

Mwili haukai kimya. Hutafuta kitu cha kuipoza tindikali hiyo, na ghala lililo karibu ni mifupa. Kama mwenye nyumba anayekwangua chokaa ya ukutani kwa sababu amekosa ya dukani, ndivyo mwili unavyochukua madini ya mifupa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Tindikali inapozwa, lakini kalsiamu iliyotoka mifupani lazima iende mahali, na mahali pake ni kwenye mkojo. Wakati huohuo sitrati inapungua. Sitrati ni kitu ambacho kwa kawaida huwamo ndani ya mkojo, na kazi yake ni kuishika kalsiamu isigande. Damu inapokuwa na tindikali, figo huinyonya sitrati na kuirudisha mwilini, na mkojo unabaki bila mlinzi. Kwa hiyo katika mkojo mmoja yamekutana mambo matatu: kalsiamu nyingi, sitrati chache, na pH ya juu, ambayo ndiyo kalsiamu na fosfeti huipenda ili kugandamana. Mtu wa namna hii anaweza kunywa mtungi mzima na jiwe likaota. Maji yanapunguza uzito wa mkojo, na ayanywe, lakini hayaondoi tindikali iliyokwama katika damu.

Ama kuhusu miguu kuishiwa nguvu, nayo ina maelezo yake. Mirija iliyoharibika kwa namna hii huiachia potasiamu ipotee kwenye mkojo, na potasiamu ndiyo inayowezesha misuli kufanya kazi. Ikishuka kidogo mtu huhisi uchovu. Ikishuka sana miguu hukataa, na kuna waliofikishwa hospitali wakiwa hawawezi kusimama kabisa, jamaa zao wakidhani ni kiharusi. Potasiamu iliyoshuka mno huvuruga pia mapigo ya moyo. Kwa ajili hiyo tunasema wazi: mwenye historia ya mawe akiona viungo vinalegea ghafla, asisubiri asubuhi.

Vipimo vya kuanzia si vya ajabu. Kijiti kile cha kuchovya katika mkojo, ambacho kipo hata kwenye zahanati nyingi, kina mraba wa pH. Mkojo uwe wa alfajiri, wa kwanza, na upimwe ukiwa bado mbichi, kwani mkojo uliokaa juani pH yake hupanda wenyewe. Ikiwa kila mara unazidi 5.5, na hakuna maambukizi, hapo pana swali la kumuuliza daktari. Tumesema hakuna maambukizi kwa sababu wako bakteria wanaogeuza urea kuwa amonia na kuipandisha pH, na mawe yao ni ya aina nyingine kabisa, yenye tiba nyingine. Kisha damu ipimwe bikabonati, potasiamu na kloridi, pamoja na kreatinini ya kuonesha figo zinafanyaje kazi. Bikabonati ikiwa chini, kloridi ikiwa juu na potasiamu ikiwa chini ya 3.5, ilhali mkojo unakataa kushuka, daktari atakuwa na picha karibu kamili. Pale picha isipokuwa wazi, wataalamu wa figo wana vipimo vya kuijaribu mirija kwa dawa, lakini hivyo vifanyike hospitalini chini ya uangalizi.

Picha ya ultrasaundi nayo husema jambo. Katika ugonjwa huu mara nyingi mawe huwa mengi, madogo, na pande zote mbili, na wakati mwingine chokaa huonekana imetapakaa ndani ya nyama ya figo yenyewe. Daktari akiandika maneno ya namna hiyo kwenye karatasi, muulizeni sababu.

Na hapa tuna lalamiko letu la siku nyingi. Watu wanatolewa jiwe, wanaoneshwa, wanalishangaa, kisha linatupwa. Msilitupe! Jiwe lililotoka, liwe limetolewa kwa upasuaji au limejitokea lenyewe, lioshwe, likaushwe, litiwe katika kichupa safi na lipelekwe kwa daktari ili lichunguzwe limeundwa na nini. Maabara zinazofanya uchunguzi huo si nyingi, lakini daktari wa njia ya mkojo katika hospitali ya rufaa anaweza kuelekeza. Jiwe likiwa sehemu kubwa ni kalsiamu na fosfeti badala ya oksaleti, hiyo peke yake ni sababu ya kuitafuta hitilafu ya mirija. Dada yetu ametolewa mawe mara mbili na hata chembe moja haijachunguzwa.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Kwa watu wazima, na hasa wanawake, mara nyingi hufuatana na maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mashuhuri kati ya hayo ni ugonjwa wa Sjögren, ambao hukausha mate na machozi, na mwingine ni lupasi. Msomaji sasa ataelewa kwa nini mkate usiomezeka bila chai ulitushtua. Ziko pia dawa zenye kuleta hali inayofanana na hii, kama topiramati inayotumika kwa kifafa na kipandauso, na asetazolamidi inayotumika kwa presha ya macho. Anayetumia dawa hizo asiziache kwa kusoma safu hii. Amweleze daktari wake kuwa amewahi kupata mawe, basi.

Kwa watoto, aghalabu ni wa kurithi, na huku ndiko tunakoomba wazazi watusikilize vizuri. Mtoto mwenye ugonjwa huu mara nyingi haanzi kwa kulia maumivu ya jiwe. Huanza kwa kutapika mara kwa mara, choo kigumu, kiu isiyokwisha, kukojoa sana, na kutokukua. Wenzake wa rika moja wanampita kimo, miguu inapinda, na kadi ya kliniki inaonesha mstari uliolala. Madaktari walikwishaeleza habari za watoto wachanga wenye chokaa ndani ya figo tangu miaka ya 1930, London na Boston, kwa hiyo si jambo jipya. Katika baadhi ya koo ugonjwa huja pamoja na uziwi, kwani jeni ileile inayohudumu katika mirija ya figo huhudumu pia katika sikio la ndani. Mtoto asiyesikia vizuri na asiyekua apimwe damu na mkojo. Tunawajua wazazi waliomzungusha mtoto wa namna hiyo kwa miaka wakiamini ni husuda. Kumsomea mtoto ni jambo jema na hatumzuii mtu, lakini kisomo na kipimo havigombani, na kila mwaka unaopotea unachukua sehemu ya kimo chake na sehemu ya figo zake.

Aina nyingi za kurithi hujitokeza pale baba na mama wote wawili wamebeba jeni hiyo bila wao wenyewe kuugua, na hapo kila mimba huwa na uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mgonjwa. Mabinamu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba jeni moja kuliko watu wasio na nasaba, kwa kuwa wana babu mmoja. Ndoa ya binamu ni halali na hatukusudii kuisema vibaya. Wengi wa wasomaji wetu wa mwambao wamezaliwa katika ndoa hizo wakiwa na afya zao. Lakini ukoo ukishapata mtoto mmoja mwenye ugonjwa huu, wazazi wasiufiche. Waliobaki wana haki ya kujua kabla ya posa, na ndugu wadogo wa mtoto huyo wapimwe mapema hata kama wanaonekana wazima. Iko pia aina ambayo mzazi mmoja tu hutosha kuirithisha, nayo huchelewa kujionesha, pengine mpaka utu uzima, kwa mawe yanayojirudia.

Tiba yake ni nyepesi kuliko mtu anavyotarajia baada ya maelezo yote haya. Ni kumpa mgonjwa alkali, yaani kitu cha kuipoza tindikali, ili mwili uache kukwangua mifupa. Dawa inayopendelewa kwa wenye mawe ni sitrati ya potasiamu, kwa sababu inarudisha vyote vilivyopotea kwa mpigo mmoja. Bikabonati ya sodiamu nayo hutumika, hasa pale ile ya kwanza inapokosekana, ila sodiamu nyingi huongeza kalsiamu katika mkojo. Wapo wanaouliza, na ni swali la akili: ikiwa mkojo tayari hauna tindikali, kumwongezea alkali si kuzidisha mawe? Jibu ni kwamba tindikali ikishapozwa katika damu, kalsiamu hupungua kwenye mkojo na sitrati hurudi, na faida ya hayo mawili ni kubwa kuliko hasara ya pH. Lakini kipimo cha dawa hufuata uzito wa mtu na majibu ya damu, na hurekebishwa mara kwa mara. Watoto huhitaji nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko watu wazima.

Tusisomeke vibaya hapa. Hatusemi mtu achote magadi jikoni akoroge kwenye glasi. Potasiamu ikiwa chini sana na mtu akanywa bikabonati kabla ya kuirekebisha, potasiamu hushuka zaidi, na tumekwisha kueleza inachoufanyia moyo. Upande wa pili, mtu ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika akinywa sitrati ya potasiamu bila kupimwa, potasiamu inaweza kupanda hadi ikamuua. Hata dafu, ambalo watu huliona ni maji ya baraka tu, lina potasiamu nyingi: linaweza kumfaa mmoja na kumdhuru mwingine. Ndimu na machungwa vinaongeza sitrati kidogo na havina ubaya kwa wengi, ila haviwezi kuwa tiba ya ugonjwa huu.

Na wale wanaouza chupa za kuyeyusha mawe? Kuna aina moja ya jiwe, la asidi ya yuriki, ambalo kweli huweza kuyeyushwa kwa kuufanya mkojo uwe na alkali. Jiwe la kalsiamu na fosfeti haliyeyuki hivyo. Lililokwisha kuota litatolewa kwa njia za kawaida za madaktari, na chokaa iliyokwisha kuingia katika nyama ya figo kwa kawaida hubaki. Kinachozuiwa na tiba ni mapya. Mtoto aliyeanzishiwa dawa mapema hurudi kukua, na mifupa hupata nguvu, lakini usikivu uliopotea haurudi kwa dawa hii. Ikiachwa miaka, figo huzidi kuharibika, na mwisho wake waweza kuwa ni kusafishwa damu kwa mashine.

Nyumbani, mgonjwa apunguziwe chumvi, na nyama iwe ya kiasi. Maziwa yasikatwe. Wengi wakisikia jiwe ni la kalsiamu huacha maziwa na dagaa, na hapo mifupa ambayo tayari inakwanguliwa huzidi kukosa.

Tunarudi kwenye swali la saumu. Mtu aliyepata jiwe moja la kawaida na akapona, wengi wao hufunga salama wakinywa maji ya kutosha baina ya magharibi na alfajiri, baada ya kushauriana na daktari. Hali ya dada yetu ni nyingine. Funga yetu huku ni zaidi ya saa 13 bila tone, dawa ya alkali hugawanywa mara tatu au nne kwa siku, na potasiamu yake haijulikani iko wapi. Kwa upande wa tiba tunasema asifunge mpaka mtaalamu wa figo amruhusu, na rukhsa ya mgonjwa anaijua kila mtoto wa madrasa.

Haya tulimwandikia mapema, kabla ya gazeti kwenda mtamboni, na tukamwomba mumewe aisome barua yetu pamoja naye. Juzi tumepata ujumbe. Wameonana na daktari katika hospitali ya rufaa, wote wawili. Potasiamu ilikuwa 2.7 na bikabonati 16. Amelazwa siku nne kurekebishwa potasiamu, ameanzishiwa sitrati, na vipimo vya Sjögren vinasubiriwa. Anasema mumewe ndiye aliyezishika karatasi za majibu, na njiani wakirudi alikaa kimya mpaka Muheza, kisha akamwomba radhi.

Ameongeza swali la tatu: ikiwa ruhusa ya kufunga haitakuja kamwe, alipe siku hizo au atoe fidia? Hilo si la safu hii. Tumelipeleka kwa mashekhe wa ukurasa wa maswali ya dini, na watalijibu wiki ijayo inshaallah.